Pikapu Ikichemsha, Deni ni la Nani?

Mlima Kitonga hauna huruma na pikapu iliyochoka. Anayetoka Morogoro kwenda Iringa hupita Ruaha Mbuyuni, bonde lenye joto na mibuyu, kisha barabara inaanza kupanda kona baada ya kona kuelekea Ilula. Gari lililokuwa likikimbia tambarare ya Mikumi bila shida sasa liko gia ya pili, limebeba tani moja na ushee ya vitunguu, mguu wa dereva umekandamiza mafuta, na upepo unaopita kwenye rejeta ni ule tu unaovutwa na feni. Hapo ndipo mshale wa temperecha unapoanza kusogea. Baada ya kona mbili tatu gari liko pembeni, boneti juu, na matawi ya miti yametandazwa barabarani nyuma yake.

Gereji watasema mlima umeua injini. Mimi naona mlima umeonewa. Injini ya pikapu kuukuu ikichemsha mpaka kuharibika, mara nyingi ugonjwa ulikuwepo kwa miezi, na watu kadhaa walipita karibu nao kila mmoja akiona kipande chake. Dereva aliona mshale. Mwenye gari aliona hesabu ya jioni. Fundi aliitwa siku ya kufungua hedi, muuza spea akaulizwa gasketi, na mwenye mashine ya kusawazisha hedi akaletewa hedi peke yake, imefungwa kwenye gunia. Hakuna hata mmoja aliyepewa kazi ya kuyatunza maji.

Pikapu ninazozisema ni zile za miaka ya 1980 na 1990 ambazo bado zinalisha watu: Hilux zenye dizeli za 2L, 3L na 5L, yaani sentimita za ujazo 2446, 2779 na 2986, pamoja na za petroli zenye 22R ya 2366, na ndugu zao wa kampuni nyingine. Sifa yao kubwa ni kwamba fundi yeyote mwenye akili anaweza kuzifungua chini ya mwembe. Lakini hazina kompyuta ya kupunguza nguvu joto likizidi. Zinamtegemea binadamu anayetazama dashibodi, na binadamu huyo ana mambo mengine kichwani.

Kwanza tuelewe kinachoungua. Katika injini hizi, takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta ndiyo inayogeuka kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto, ambalo sehemu moja hutoka na moshi na nyingine hubebwa na maji hadi kwenye rejeta. Maji hayo hayatakiwi kuchemka, ndiyo maana mfuniko wa rejeta una springi. Mifuniko mingi ya Toyota za zamani imeandikwa 0.9 au 1.1, kipimo cha shinikizo ambalo mfuniko hulishikilia kabla ya kuachia. Mji wa Iringa uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 95. Chini ya mfuniko mzima wa 0.9 yatavumilia mpaka karibu nyuzi 115. Mpira wa mfuniko ukikakamaa na kupasuka, nyuzi hizo 20 zimepotea zote, na zimepotea juu ya mlima ambako ndiko zinakohitajika. Katika mfumo mzima wa kupooza injini sijui spea ya bei ndogo yenye madhara makubwa kama hiyo, na bado ni nadra kumsikia mtu akiulizia mfuniko kabla ya kuulizia gasketi.

Maji yakigeuka mvuke, chuma kinabaki bila mlinzi. Mvuke haubebi joto kama maji, kwa hiyo sehemu nyembamba zilizo kati ya valvu za kutolea moshi hupanda joto ghafla huku sehemu nyingine za hedi zikiwa bado za kawaida. Dizeli hizi za zamani zina chemba ndogo ndani ya hedi ambamo mafuta huanza kuungua kabla ya kufika juu ya pistoni, na ukuta ulio kati ya chemba hiyo na viti vya valvu ni mwembamba. Nyufa hupenda kuanzia hapo. 2L-T, ile yenye tabo, ilijijengea jina baya sana kwa hedi kupasuka.

Kisha kuna kutanuka. Injini kama 22R ina hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma cha kusubu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Chukua hedi yenye urefu wa sentimita 50. Joto likipanda kwa nyuzi 100, aluminiamu inataka kurefuka zaidi ya milimita 1, na bloku iliyo chini yake inataka nusu ya hapo. Kwa joto la kawaida gasketi na boliti zimeundwa kuuvumilia mvutano huo. Joto likizidi mno, hedi haina pa kwenda, kwa sababu boliti zimeishikilia. Inajikunja hapo hapo na ikipoa hairudi ilivyokuwa. Ndiyo hedi iliyopinda. Gasketi iliyo chini yake haina kosa lolote, ingawa yeye ndiye anayetajwa kila mara.

Sasa turudi kwa dereva, maana dakika zake kumi ndizo zinazoamua kama utanunua hozipaipu au injini. Mshale ukianza kupanda mlimani na maji bado yamo, kuzima injini papo hapo si lazima na wakati mwingine ni vibaya: pampu inasimama, na joto lililo kwenye chuma linamwagika ndani ya maji yaliyotulia. Afadhali zima kiyoyozi kama kipo, fungulia hita mpaka mwisho hata kama mtalowa jasho, shusha gia, punguza mafuta. Mshale ukikataa kushuka, egesha mahali salama na iache injini iungurume bila mzigo dakika chache, feni na pampu zikifanya kazi. Lakini ukiona mvuke unatoka, au hozipaipu imepasuka, zima mara moja. Hapo hakuna maji ya kuzungushwa, na kila sekunde ni hasara.

Kuna mtego hapa ambao madereva wazoefu huujua na wageni huponzwa nao. Kifaa kinachopeleka habari kwenye geji hupima maji kinayogusana nayo. Maji yakiisha, kifaa kinabaki hewani, na mshale unaweza kushuka taratibu kana kwamba mambo yametengemaa. Dereva anashusha pumzi, anakanyaga mafuta, na anaiua injini kwa imani njema kabisa. Zaidi ya hayo, geji nyingi zimetengenezwa zitulie katikati hata joto likibadilika kwa nyuzi nyingi, ili mwenye gari asihangaike. Siku mshale unapoondoka katikati, tatizo si changa tena.

Mfuniko usifunguliwe gari likiwa la moto. Wanaofanya hivyo huondoka na malengelenge ya uso na mikono, kwa sababu maji ya nyuzi 110 yaliyokuwa kimya chini ya shinikizo huripuka kuwa mvuke mara tu springi inapolegea. Subiri mpaka uweze kuibana hozipaipu ya juu kwa mkono bila kuungua. Na maji baridi ya mtoni yasimiminwe kwenye injini inayowaka moto: chuma cha kusubu hupasuka kwa mshtuko huo, na hedi ambayo ingepona hupata ufa kwa mkono wa msamaria mwema mwenye ndoo.

Haya yote dereva anaweza kufundishwa kwa asubuhi moja. Kinachomshinda ni mkataba wake. Dereva wa kuajiriwa anapeleka hesabu jioni. Akisimama Kitonga saa mbili, hesabu haitimii, na akisema gari limechemsha, ataulizwa alikuwa anaendeshaje. Basi anajifunza kunyamaza. Chini ya kiti anaweka dumu la lita 5, na kila asubuhi anajazia. Muulize, atakwambia, "Linakunywa maji kidogo tu, bosi." Sentensi hiyo inapaswa kumwamsha mwenye gari usingizini. Mfumo wa maji umefungwa, haunywi. Maji yakipungua yametoka mahali: kwenye kiungo cha hozipaipu, kwenye tundu dogo chini ya pampu linalovujisha mpira wa ndani ukichoka, au yameingia ndani ya silinda na kutoka na moshi. Dumu chini ya kiti ni taarifa ambayo hakuna aliyeisoma. Mwenye pikapu anayemlipa dereva wake siku ya kusimama, kama anavyomlipa siku ya kazi, atazipata habari hizi mapema. Sioni njia nyingine ya kuzipata.

Maji yenyewe ni habari nyingine. Husemwa mara nyingi kwamba kulanti ni ya nchi za theluji, ya kuzuia maji yasigande, kwa hiyo Mtanzania anayeinunua anatupa pesa. Kweli hatuna theluji barabarani. Lakini ndani ya kulanti kuna dawa ya kuzuia kutu, na hiyo ndiyo sababu ya kuinunua hapa kwetu. Injini yenye chuma cha kusubu, aluminiamu na shaba katika maji mamoja inajila yenyewe usiku na mchana. Ukiijaza maji ya kisima ya Dodoma au Singida, yenye chumvi nyingi, unaongeza magaga kwenye kuta na kwenye mirija ya rejeta. Baada ya miaka michache robo ya mirija imeziba, na rejeta inayotosha kwa safari za mjini haitoshi kwa Kitonga. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi huongeza pia nyuzi kadhaa kabla ya kuchemka. Iwekwe mbali na watoto na mbwa, kwa sababu ladha yake ni tamu na ni sumu.

Tukifika gereji tunakutana na desturi ambayo mimi naiona ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote: kutoa themostati. Fundi anaitazama, anasema hii imewekwa na Wajapani kwa ajili ya baridi yao, anaitupa kwenye kopo la skrubu. Gari linaonekana kupoa, mteja anafurahi. Themostati ya injini hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo, injini inafanya kazi ikiwa baridi kwa muda mrefu, mafuta hayaungui vizuri, oili inachafuka na silinda zinalika haraka. Hayo ni ya polepole. La haraka ni kwamba injini nyingi zina njia ya pili ya maji, inayoyarudisha kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta wakati injini bado ni baridi. Themostati ikifunguka, sahani yake ya chini inaiziba njia hiyo. Ukiitoa, njia inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupoozwa. Tambarare hutajua. Mlimani utajua. Kupima themostati hakuhitaji mashine: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni na uitazame ikifunguka maji yanapokaribia kuchemka. Isipofunguka, nunua nyingine.

Feni nayo ina hadithi yake. Katikati ya feni nyingi za dizeli kuna klachi yenye mafuta ya silikoni ambayo huibana feni joto likipanda na kuiachia likishuka. Silikoni ikivuja, feni inazunguka kivivu, na vumbi lenye mafuta linaonekana katikati yake. Mafundi wengine huifunga moja kwa moja kwa boliti. Inapooza kweli, na inakula nguvu na kupiga kelele muda wote. Kama tiba ya kufikia mjini nakubali. Kinachonisikitisha zaidi ni ile ngao ya plastiki inayoizunguka feni: ilivunjika siku rejeta ilipotolewa, ikatupwa, na tangu hapo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta. Hakuna anayeikumbuka tena.

Na zile dawa za njiani? Manjano, ute wa yai na unga wa kuziba matundu huziba kweli tundu dogo. Huziba pia mirija ya rejeta na ile ya hita, kwa sababu haviwezi kujua tundu lipi ni la kosa na lipi ni la kazi. Vikufikishe nyumbani, kisha mfumo usafishwe.

Gari limeshachemsha vibaya. Uharibifu uko wapi? Hapa haraka ndiyo inayokula pesa. Fundi asiyepima atafungua hedi kwanza na kuuliza baadaye. Anayepima ataanza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Atafungua mfuniko, atajaza maji mpaka juu, atawasha. Mapovu yasiyokoma, au hozipaipu ya juu kuwa ngumu ndani ya dakika moja kabla joto halijafika, ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji: gasketi imepita au hedi ina ufa. Moshi mweupe wenye unyevu na silinda moja inayokosa asubuhi ni maji yaliyoingia usiku. Hilo kwa dizeli ni la hatari, maana maji hayabanwi. Pistoni ikikutana nayo, koniroli inapinda. Kijiti cha oili kikitoka na utando wa rangi ya maziwa, usiendeshe hata mita 100. Oili ya namna hiyo haiwezi kuzilinda beringi za krenki. Lakini hata hapo pasiwe na hukumu ya haraka: kwenye 22R, cheni ya taimingi iliyolegea huweza kulisugua kava lake la mbele mpaka likatoboka kwenye njia ya maji, na maji yakaingia kwenye oili bila gasketi wala hedi kuwa na kosa. Watu wameskimu hedi nzima kwa sababu ya cheni.

Hedi ikishatolewa, inawekewa rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari, na fila geji inapitishwa chini yake. Kila injini ina kikomo chake, nacho huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, si kwa jicho. Hedi nzuri kwa macho inaweza kuwa imepinda milimita 0.3, na hiyo haifungi. Kabla ya kusawazisha, ipimwe nyufa kwa kuijaza shinikizo ndani ya maji ya moto, maana ufa mwingine hujifungua ikiwa moto tu. Kuskimu hedi yenye ufa ni kulipa mara mbili, na ni kosa linalofanyika kwa sababu aliyeileta hakuagiza kipimo na mwenye mashine hufanya alichoagizwa.

Kwenye dizeli kuna jambo jingine. Chumba cha juu ya pistoni ni chembamba mno. Ukiisaga hedi, valvu zinasogea karibu na pistoni, kwa hiyo viti vyake lazima vizamishwe kidogo, vinginevyo zitagongana. Gasketi za injini za L zinakuja kwa unene tofauti, zimewekwa alama B, D na F, na inayofaa huchaguliwa kwa kupima pistoni zimechomoza kiasi gani juu ya bloku. Ni maduka mangapi ya Gerezani jijini Dar es Salaam, au ya Kirinyaga Road kule Nairobi, yanayoulizwa herufi hiyo? Muuza spea hutoa iliyopo. Kisha boliti za zamani zilizokwishavutika zinarudishwa, matundu yake yakiwa na maji na oili chini, zinakazwa kwa nguvu ya bega. Boliti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana yenye kipimo. Fundi asiye nayo aazime. Kazi yote iliyotangulia inategemea hiyo nusu saa.

Linabaki swali la pesa: tengeneza, badili hedi, au nunua injini iliyotumika iliyokuja na kontena? Kama hedi imepinda kidogo bila ufa, na silinda hazina mikwaruzo, tengeneza. Ikiwa ina ufa, tafuta hedi mpya. Kulehemu hedi ni kazi ya watu wachache sana na sijawahi kumshauri mtu aitegemee kwa gari la mizigo. Pistoni zikiwa zimekamata na ringi zimepoteza unyumbufu, kukarabati kila kitu kunaweza kuzidi bei ya injini ya kontena, na hapo wengi huchagua kontena. Uchaguzi si mbaya. Injini hiyo, hata hivyo, haina historia, na namba yake haiko kwenye kadi ya gari mpaka uibadilishe kihalali, jambo litakalokusumbua siku ya bima au ya kuuza. La ajabu ni kwamba injini hiyo ngeni hufungwa nyuma ya rejeta ile ile iliyoziba, na mfuniko ule ule, bila themostati. Mwenye gari ametoa mamilioni na hakutoa pesa ya kuzibua rejeta. Miezi michache baadaye yuko tena Kitonga.

Ningekuwa na pesa kidogo tu ya kutumia kwenye pikapu kuukuu leo, kabla haijachemsha, ningenunua mfuniko, themostati, hozipaipu mbili na kulanti, na ningepeleka rejeta ikazibuliwe. Jumla ya hivyo vyote haifikii gharama ya kufungua hedi mara moja. Baadaye ningekaa na dereva tuzungumze habari ya lile dumu.

Anayenunua pikapu ya mtu naye yumo katika mlolongo huu, kwa sababu gari lililochemsha mara nyingi huuzwa. Muuzaji anayejua ubovu wake atalipasha moto kabla hujafika, ili usione linavyowaka likiwa baridi wala moshi wake wa kwanza. Kwa hiyo mwambie utakuja saa nne, halafu fika saa moja. Weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kuisha. Ikiwa na joto, mwambie utarudi kesho yake, na umwombe asiliwashe. Ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta mwenyewe, chungulia rangi ya maji, kisha inamia uangalie chini ya kiti cha dereva.